Masikio Yangu na Kiti cha Fundi

Jumatatu, 4 Mei

Siamini! Fundi anaondoka. Fundi mwenyewe, aliyekaa kwenye meza ya sauti tangu studio ifunguliwe, mpaka kiti kimeshika umbo lake. Anahamia kwa mwanawe. Anasema amechoka kusikiliza watu wazima wakiimba vibaya. Bosi ametutangazia baada ya chai. Nilibaki mdomo wazi na mkate ndani.

Nikapiga hesabu haraka. Kiti kitabaki kitupu. Nani akikalie? Mimi, bila shaka. Nimekunja nyaya za studio hii hadi mikono inajua njia. Nimewafungulia wateja mlango, nimewaletea maji, nimewaapia waimbaji wabovu kwamba wanaimba kama malaika. Kiti ni changu.

Bosi akasema hapana, tutashindanishwa. Mimi na Kimya! Kimya ni yule binti aliyekuja juzijuzi, tunamwita hivyo kwa sababu anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kutoa neno. Jumamosi Bosi atatupigia wimbo, atapandisha sehemu moja ya sauti, nasi tumwambie ni ipi. Na si kusema besi au katikati au wembamba wa juu tu. Kwa namba! Hezi ngapi, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde! Namba ndogo ni mngurumo, namba kubwa ni mluzi. Ati mchanganya sauti anapaswa kuzitambua kwa sikio kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe.

Nilitabasamu kwa kujiamini. Kimya hakutabasamu. Ameogopa, nimeona.

Nyumbani nikamweleza dada, maana ninaishi kwake na shemeji. Dada akasema vizuri sana, kwa kuwa nikikosa kiti hicho, Jumatatu ijayo naanza kazi kwenye karakana ya shemeji ya milango na madirisha ya chuma. Shemeji akaitikia kwa kichwa huku akitafuna. Walikuwa wameshapanga! Dada yangu wa tumbo moja! Karakana ile ina mashine ya kukatia chuma inayolia mpaka meno yanacheza. Mtu wa masikio kama mimi atakufa.

Jumanne, 5 Mei

Nimepakua programu ya mazoezi kwenye simu. Inapiga sauti ya mvuke, shaaa, kama mvua juu ya bati. Halafu inapandisha kipande kimoja, wewe unakisia namba.

Nikakisia elfu nne. Jibu: mia moja ishirini na tano. Nikakisia mia moja ishirini na tano. Jibu: elfu nane. Nikaendelea hivyo hadi chai ikapoa. Sikupata hata moja! Nikaifuta programu, nikaipakua upya. Bado ni mbovu vilevile. Nikaazima hedifoni za shemeji. Mbovu pia. Inashangaza jinsi vifaa vya siku hizi vinavyotengenezwa hovyo.

Ndipo nikakumbuka Fundi aliwahi kusema kwamba ukiishika namba kwa sauti unayoijua, haikutoki tena. Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Nyumba nzima itanifundisha! Nina programu nyingine inayochora vijiti vinavyopanda na kushuka kufuata sauti. Nikaipitisha kila mahali. Friji linanguruma kwenye mia. Birika linapiga mluzi kwenye elfu mbili na mia tano. Bomba la jikoni, elfu nane. Mlango wa nyuma ukibamizwa, themanini. Dada akinifokea, elfu tatu, nimempima bila yeye kujua. Nikaandika namba kwenye karatasi, nikazibandika kila moja mahali pake. Ya dada nimeibandika kwenye kiti chake.

Leo nalala usingizi wa mshindi.

Jumatano, 6 Mei

Balaa! Mama Pacha, jirani yetu, aliingia kuazima chumvi. Mimi nilikuwa sebuleni nimefumba macho nikisikiliza bomba. Akaliona friji. Akaona mia moja. Akatoka mbio bila chumvi.

Nikafikiri ana dharura. Kumbe! Karudi na mkokoteni na mwenye mkokoteni, na kamba mkononi, anadai alikuwa wa kwanza kuja na asije mtu akamruka. Nikamweleza kwamba ile si bei, ni mngurumo. Akasema mngurumo wake haumsumbui, atalichukua hivyohivyo. Kisha akaninong'oneza kwa huruma, akiuliza kama kuna tatizo kwenye familia, maana ameona hata dada ameandikiwa bei, na birika limekaribia kumfikia.

Dada alirudi kutoka kazini akakuta friji limeshafika mlangoni. Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi hivyo. Alifoka. Na hata katika kufokewa, niseme ukweli, nilisikiliza kwa makini. Ilikuwa zaidi ya elfu tatu.

Karatasi zote zimebanduliwa. Masomo yamesitishwa na serikali.

Ijumaa, 8 Mei

Nimebadili mkakati. Ikiwa mimi siwezi kupanda, Kimya ashuke.

Nikamwendea kwa upole, nikamwambia sisi ni ndugu wa kazi moja, nimsaidie kufanya mazoezi. Mimi nizungushe vidude kwenye meza ya sauti, yeye akisie. Akashukuru. Maskini! Njama yenyewe: kila akipata, nimwambie amekosa. Kufika kesho awe hana imani na masikio yake.

Nikapandisha mia tano. Akafumba macho, akasema mia tano. Nilishtuka nusura nidondoke. Nikamwambia amekosa. Nikapandisha elfu mbili. Akasema elfu mbili. Amejuaje? Nikamwambia amekosa tena, pole sana. Akafikiri kidogo, akaomba nirudie ileile. Nikarudia. Akasema ni elfu mbili, na kama si elfu mbili basi meza imeharibika, na wateja wanakuja kesho kutwa, tumwite Fundi.

Akamwita Fundi! Kabla sijapata la kusema!

Fundi akafungua meza, akapima kila kidude. Vyote vizima. Akaniangalia muda mrefu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Nikasema huenda ni unyevunyevu. Fundi akasema ndiyo, huenda ni unyevunyevu, na akaniambia nikakunje nyaya.

Kimya akanishukuru tena kwa kumsaidia. Anashukuru nini mtu huyu? Ananitia wasiwasi.

Jumamosi, 9 Mei

Sitaki kuyaandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Mpango ulikuwa safi. Simu kwenye mfuko wa shati, ile programu ya vijiti imewashwa. Bosi akipiga wimbo, mimi nainamisha kichwa kama mtu aliyezama, nachungulia mfukoni, nasoma kijiti kilichosimama.

Niliingia wa kwanza. Bosi akapiga wimbo wa kwaya ya wauguzi tuliourekodi mwezi uliopita. Nikainama. Nikamsikia Bosi akimwambia Fundi, "Mtazame kijana anavyozama." Moyo ukanijaa. Kijiti kilichosimama ni cha mia. Nikasema mia. Fundi akakohoa. Jibu lilikuwa elfu moja. La pili, kijiti kilekile. Nikasema mia. La tatu, mia! Bosi akauliza kama kuna namba nyingine ninayoijua.

Simu ilikuwa ikisikiliza kiyoyozi kilichokuwa ukutani nyuma yangu! Wimbo mzima unapigwa, wauguzi ishirini wanapaza sauti, simu inasikiliza kiyoyozi!

Kabla sijapona hapo, dada akapiga. Simu ikalia kifuani. Bosi akaniomba niiweke mezani. Nikaiweka. Dada akakata, na vile vijiti vikarudi vinacheza mbele ya watu wote.

Bosi hakufoka. Heri angefoka. Akasema tusahau yote, anipe nafasi moja ya mwisho, bila simu. Akapiga wimbo tena, akazungusha taratibu kidude cha kushoto, akaniuliza nasikia nini.

Nikasikia! Naapa nilisikia! Nikamwambia ameongeza mia mbili, matope yameingia, wauguzi wanaimba kama wamo ndani ya pipa. Akazungusha cha kulia. Nywele zikanisimama. Nikasema sasa ameongeza elfu kumi, hewa imefunguka, mtu anasikia hata wanavyovuta pumzi. Fundi akauliza kama nina hakika. Nikaapa. Nikaongeza kwamba muuguzi wa mstari wa nyuma ana mafua.

Bosi akanionyesha taa ndogo juu ya vile vidude. Ilikuwa imezimwa. Alizima sehemu ile nzima wakati mimi nahangaika na simu. Vidude vilizunguka bure. Wimbo haukubadilika hata chembe.

Nilisimama pale kama nguo kwenye kamba.

Akaingia Kimya. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Bosi akamfanyia vilevile, kidude cha kushoto, kidude cha kulia. Kimya akafumba macho, akaomba arudiwe. Kisha akasema, "Bosi, samahani, mimi sisikii tofauti yoyote." Bosi akawasha taa, wakaendelea. Akapata nyingi, lakini si zote! Moja alisema hajui! Nimemsikia kwa masikio haya! Mtu anasema hajui mbele ya Bosi, na anapewa kiti!

Dunia imepinduka.

Jumapili, 10 Mei

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Shemeji hakucheka, aliniletea ovaroli niijaribu. Inanitosha. Hilo nalo limeniumiza.

Nimejifungia chumbani, nikalia kidogo. Nakitaka kile kiti. Siku moja Fundi aliniacha nipandishe sauti ya mwanamke mmoja aliyekuwa amefunikwa na magitaa. Kidogo tu. Wimbo wote ukaamka. Nilikunja nyaya wiki nzima nikitabasamu peke yangu. Sijawahi kutaka kitu kingine kama hicho.

Baada ya chakula nikaanza kupata mwanga. Nilisikia mabadiliko ambayo hayakuwepo. Sawa. Je, kusikia kisichokuwepo si kipaji kikubwa kuliko kusikia kilichopo? Hicho kila mtu anakisikia. Bosi hakuelewa alichokuwa nacho mbele yake.

Jumatatu, 11 Mei

Karakana. Nimekiona cha mtema kuni. Vumbi la chuma puani, kwenye nyusi, kwenye chai. Nikamwambia shemeji mashine yake inapiga kelele kwenye elfu tatu na ushee, inafaa ishushwe. Shemeji akanipa viziba masikio na brashi ya rangi.

Jumatano, 13 Mei

Nimeshtuka mpaka nimemwaga rangi! Kimya amekuja karakana. Kimya, na anaongea!

Akasema amezungumza na Bosi. Kazi zinaongezeka, baada ya miezi michache watahitaji mtu wa pili mezani. Akasema yeye mwenyewe alianza kwa kukosa kila kitu, mwaka mzima. Masikio hayafunguki kwa siku moja. "Njoo jioni ukitoka hapa, nitakuzungushia, utakuwa unakisia. Usiogope kukosea, kukosea ndiyo mazoezi yenyewe."

Nikamuuliza yeye anapata nini. Akasema hapati kitu, ila nyaya tangu niondoke hazikunjiki vizuri.

Nikatafuta mtego ulipo, sikuuona. Shemeji akanigusa bega, akasema niende, ataniruhusu kutoka mapema. Shemeji!

Ijumaa, 15 Mei

Jioni ya kwanza. Kimya kwenye kiti, mimi nyuma kwenye kochi. Akazungusha. Nikakisia. Nimekosa. Tena, nimekosa. Yeye anasema taratibu, hakuna haraka, sikiliza tu. Nikakosa hadi nikaona aibu.

Halafu nikahamia upande wa pili wa kochi, kwa sababu ya mgongo. Na hapo, sijui nielezeje, jua la jioni lilikuwa limeingia, na ubavuni mwetu kuna kile kioo kikubwa cha chumba cha kuimbia. Ndani ya kioo, juu ya bega la Kimya, skrini ya meza ya sauti. Namba zimegeuka kushoto kulia, lakini mtu mwenye akili anazisoma.

Kimya akazungusha. Nikafumba jicho moja, nikasema mia nne. Sahihi! Elfu sita. Sahihi! Mia moja na sitini. Sahihi! Sikukosa tena hata moja! Kimya aligeuka ananitazama, macho yamemtoka. Akapiga makofi. Akainuka, akanishika mkono, akasema hajawahi kuona mtu akifunguka masikio haraka namna ile, kesho atamwambia Bosi. Furaha yake ilikuwa ya kweli, nami nikafurahi zaidi yake.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimepigwa na butwaa. Wiki moja iliyopita nilikuwa sipati chochote! Dada ameniuliza mbona ninang'aa, nikamwambia mazoezi yanalipa, na kwamba siri ni kujituma.

Kimya alinishauri kesho nifumbe macho yote mawili. Nimekataa kwa heshima, kila mtu na njia yake ya kujifunza. Nitawahi mapema nishike upande uleule wa kochi. Mwanga wa pale unayafaa sana masikio yangu.