Sangara Wanakaguliwa, Vigogo wa Ulaya Je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako, hata ile ya chini ya matangazo ya vifo. Mimi ni mwenyekiti wa umoja wa wachuuzi wa samaki kwenye mwalo mmoja karibu na Kigongo. Sangara wetu wanaliwa Ulaya, kwa hiyo mambo ya Ulaya yananihusu.

Nimesikia redioni wanavyoteua vigogo wa umoja wao, wale makamishna. Kila serikali inapeleka jina, wabunge wanamhoji mtu, kisha vyama vinakaa pembeni: nipitishie wangu, nikupitishie wako. Imeniuma sana, na nina malalamiko yafuatayo.

1. Sangara akienda kwao anapimwa urefu, ananuswa, anapasuliwa. Mwenye dosari anarudishwa. Inakuwaje mtu aliyewaziba midomo waandishi wa habari nchini kwake apite mzima mzima, bila hata kunuswa?

2. Wao ndio waliotuletea semina ya uwajibikaji na haki za binadamu pale Usagara. Mwezeshaji alisema kiongozi asiyeulizwa huoza. Modesta, mkaanga samaki mwenye meza ya kwanza mwaloni kwetu, alipiga makofi hata baada ya wengine kunyamaza. Mimi fulana ya semina nimeivaa mpaka maandishi yamefutika. Hao wateule walipewa fulana gani?

3. Mteule akiulizwa habari za wakimbizi, anajibu habari za maziwa ya ng'ombe. Huko ni kumdharau mwananchi.

4. Basi waletwe stendi ya Buzuruga, wahojiwe hadharani na mama lishe na wapiga debe. Wapiga debe, ambao kutwa husema gari linaondoka sasa hivi, watamtambua mwongo mwenzao kabla hajakaa. Wakikataa kuja, sangara wetu wabaki hapa tuwale wenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule aliyewahi kukosea jina langu. Nimemsamehe.

Wako katika uwajibikaji,
Kashindye Luhende
Mwenyekiti wa Muda (tangu enzi za kivuko, kabla ya daraja)

Nyongeza: Modesta akifika ofisini kwako, usimsikilize. Kikaoni aliniuliza, "Mwenyekiti, uchaguzi lini?" Nikamjibu vizuri tu kuhusu choo cha mwalo. Akarudia swali lile lile, mbele za watu. Nimemsimamisha uanachama, na meza yake sasa anayo shemeji yangu Chenge, ambaye hana maswali. Hayo ni mambo yetu ya ndani. Watu wa Ulaya hayawahusu.