Mbaazi za Serikali

Kabla ya itifaki, tangazo moja zito. Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, na baada ya mashauriano yaliyokula sehemu kubwa ya adhuhuri yetu, natangaza rasmi kwamba mfuniko wa sufuria bado umefungwa. (Makofi ya mtu mmoja, Bwana Kiptoo.)

Sasa itifaki. Mheshimiwa Mwakilishi, ambaye hayupo; Naibu wa Mheshimiwa Mwakilishi, ambaye yuko njiani tangu juzi; wafadhili wetu, ambao kwenye viti vyao vitatu hivi vyenye vitambaa vyeupe nawaomba watoto washuke; Maalim Abubakr, imamu wetu, ambaye jioni ya leo ndiye mwenye saa; wazee wa mtaa; kina mama wa Langoni mkiongozwa na Bi Huwaida, ambaye hakuchaguliwa na mtu lakini anaongoza; Bwana Kiptoo, Afisa wa Nishati, mtu wa bara asiyefunga, ila kwa kuwaheshimu chai yake ameinywea nyuma ya mlango; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. (Wanaitikia. Watoto hawashuki.)

Mimi, kwa wale wanaonijua kama Haidar wa nyumba ya kona, leo ni Kaimu Mratibu Mkuu wa Mpango Jumuishi wa Uhifadhi wa Joto la Sufuria Visiwani na Kandokando Yake, na nawaomba kwa muda wa hotuba hii mnisahau vile mnavyonijua. (Sauti ya mwanamume: "Tutajaribu.")

Ndugu zangu, mbele yenu liko kapu. Lina blanketi ndani, lina mto juu, na baina ya blanketi na mto imekaa sufuria ya mbaazi za nazi ambazo tangu asubuhi, bila kuni, bila makaa, bila gesi na bila mtu kutokwa machozi kwa moshi, ziko katika mchakato. Kwa lugha nyepesi ya fremuweki yetu, joto likishaingia humu linakosa sababu ya kutoka. Ndiyo maana mwezi huu mtukufu tumeonelea kwamba futari ya kwanza ya kitaalamu katika historia ya mtaa huu itoke kapuni, na ndiyo maana nilipita mwenyewe mlango kwa mlango kuwaomba leo msiwashe majiko. Nawashukuru kwa kuitikia wito. (Minong'ono. Wanawake wanatazamana.)

(Bi Huwaida anasimama: "Bwana Haidar, yua lashuka, na kapu halinuki. Mbona halinuki?")

Swali zuri sana, Bi Huwaida, na linaonyesha kwamba uhamasishaji umefika mashinani. Harufu ni joto linalopotea. Kapu linalonuka ni kapu lenye ubadhirifu. (Bi Huwaida: "Na ikifika adhana hamna kitu?") Bi Huwaida, serikali haijapata kuchelewa. (Kicheko kirefu. Maalim Abubakr anafunika mdomo kwa leso.)

Nirudi kwenye takwimu. Katika awamu ya paileti tumegawa makapu elfu nne kwa kaya elfu tatu mia nane, ambayo ni asilimia mia moja na tano, kiwango ambacho washauri wetu walisema hakiwezekani, na sisi tukakifikia. Shela, mahoteli yameacha kuomba gesi na kuanza kuomba makapu. Mkokoni, kule bara, kapu moja limehifadhi joto vizuri kiasi kwamba mpaka leo wenyewe hawajataka kulifungua. Mikoko elfu arobaini imeokolewa kutokana na makaa, na baadhi yake haina habari. (Makofi ya Bwana Kiptoo, mafupi kuliko ya kwanza.)

Kuhusu ubora, tuliunda Kamati ya Kuonja. Kamati ilikutana, ikagundua kwamba wajumbe wote wamefunga, ikamwendea Maalim, naye akafafanua kwamba mpishi mwenye haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Wajumbe wakachelea wasije wakasahau kutema, kwa hiyo chakula kikapitishwa kwa kauli moja bila kufunguliwa. (Maalim Abubakr: "Sikusema mpitishe.") Imenukuliwa, Maalim.

Sasa, kabla sijafika sehemu ya shukrani, tupaze sauti pamoja stekholda wote. Nikisema "Kapu!", nyinyi semeni "Lifungwe!" Kapu! (Wote: "Lifunguliwe!") Nadhani hatujaelewana. Kapu! (Wote, kwa sauti zaidi: "Lifunguliwe!") (Sauti ya mwanamume: "Funika kombe, Haidar." Kicheko.)

(Maalim Abubakr anatazama saa, anasimama: "Bwana Mratibu, pamebaki dakika chache. Watu wana ndaa. Fungua tule.")

Naam. Bwana Kiptoo, tafadhali. (Bwana Kiptoo anaondoa mto. Anafunua blanketi. Anainua mfuniko, anatazama ndani, anaurudisha mfuniko taratibu kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe.)

Bwana Kiptoo, inua. (Anainua. Anatikisa sufuria kidogo. Mbaazi zinagonga bati.)

Hizo, ndugu zangu, ni mbaazi.

Kwa mujibu wa ratiba, hapa ndipo nilipotakiwa kusema kwamba tumepata changamoto ndogo ya kiufundi. Nimeyaandika maneno hayo, yako hapa, na ni mazuri. Lakini Maalim amesimama, tende zimeshagawiwa, na nyinyi mnanitazama vile mnavyonijua. Basi nieleze.

Kapu hili halipiki. Lazima kwanza sufuria itokote motoni, ndipo uifunge humu, imalizie kuiva yenyewe. Bwana Kiptoo alituambia hivyo alfajiri, na alishataka kuwasha makaa. Ni mimi niliyemkataza. Nilisema, tukionekana na moshi siku ya kuzindua jiko lisilo na moto, na wafadhili wakapiga picha, tutaaibika. Kwa hiyo mbaazi zikaingia kavu, kwenye maji ya kisima, asubuhi kungali na ubaridi. Na kapu, sina budi kulisifu, limefanya kazi yake kwa uaminifu. Lilipewa baridi, limeitunza baridi mpaka sasa. (Bwana Kiptoo anaangalia viatu vyake.)

Na hizo elfu nne. Sijui nianzie wapi. Makapu elfu nne hayapo. Mkokoni sijafika tangu nilipokuwa mwanafunzi. Paileti haikuwepo, washauri hawakuwepo, na Mpango wenyewe, ukiondoa jina, ambalo nililitunga mimi na ninalipenda, haukuwepo. Kila mwaka ofisini huulizwa makapu yamefika wapi, na kila mwaka mimi huongeza kijiji. Mwaka huu wafadhili wakasema wanakuja kuona. Kapu hili ni la mke wangu la nguo chafu. Blanketi ni la mama mkwe. Wageni nao, nimeambiwa tangu saa tisa, hawaji. Ningeweza kuwaruhusu nyote mwende zenu saa tisa ile. Lakini viti vilikuwa vimeshapangwa, na hotuba nilikuwa nimeshaihifadhi kichwani.

Linaloniuma si hilo. Ni kwamba niliwazimia majiko. Yumo humu mwenye mzee aliyefunga nyumbani, yumo mwenye watoto, na kwa neno langu mtarudi kwenye vyungu vitupu. Katika hotuba yangu kulikuwa na aya kali juu ya wakaidi watakaopuuza wito wa serikali. Naiondoa. Kama yupo mkaidi hata mmoja hapa, aliyepika, naomba anyanyue mkono, nimwombe awagawie wenzake.

(Bi Huwaida ananyanyua mkono. Halafu wa pembeni yake. Halafu safu ya nyuma. Halafu mikono yote ya wanawake.)

Wote?

(Bi Huwaida: "Bwana Haidar, wewe ni yirani yetu. Umekuya mlangoni mwenyewe, tukakwambia naam. Hatukukwambia tutakaa na ndaa.")

Wote. (Sauti ya mwanamume: "Kwetu zipo mbaazi, na zimeiva.")

Basi mtaa mzima aliyeuamini mradi huu ni mimi peke yangu. Mke wangu hakuuamini, lakini mimi asubuhi nilichukua sufuria yake, na makaa yake nikayamwagia maji kwa mkono wangu, ili nyumba ya Mratibu iwe mfano.

Bwana Kiptoo, funika hiyo. Maalim, tayari. Bi Huwaida ananiuliza kwa vidole tuko wangapi nyumbani. Tuko watano, Bi Huwaida. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Adhana.)