Juzuu ya Nne Chini ya Kitanda cha Honi

Jumatatu, tarehe 3

Siku mbaya iliyoanza vizuri. Saa nne asubuhi mkanda wa kuchambulia karatasi ulipita mbele yangu na madaftari, magazeti na orodha za bei za mabati, na katikati ya takataka hizo, kama sultani aliyepotea njia, juzuu ya nne! Jalada la kitambaa cha kijani. Juu yake umechorwa mkono mweupe ulioshika kitasa cha mlango. Miaka minne naitafuta. Nikanyoosha mkono, glavu ikanasa kwenye mkanda. Nilipojinasua, juzuu ilikuwa kwapani mwa Honi, aliyekuja kuniomba maji ya kunywa.

Honi ni dereva wa foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo. Tunalala chumba kimoja, mimi dirishani, yeye mlangoni. Jina amelipata kwa kuwa hupigia honi hata ukuta. Hasomi. Lakini kanuni ya hapa kiwandani ni moja: vitabu vinavyoletwa kusagwa, kila mtu anaruhusiwa kuchukua kimoja kwa wiki, na aliyekishika kwanza ndiye mwenyewe.

Juzuu ziko saba, hadithi tupu za mizuka, zimechapwa kabla baba yangu hajaoa. Sita ninazo. Nimeziokoa moja moja, nimezianika kwenye kamba, nimezishona migongo kwa uzi wa magunia. Nimezisoma zote mara mbili, isipokuwa ile ya mwanamke wa ngazini, niliyoisoma mara moja tu, mchana, mlango ukiwa wazi. Na shule niliishia darasa la sita.

Mama wa maktaba ya hapa mtaani ameniahidi. Nikileta zote saba Jumamosi, chumba cha kusomea kitakapofunguliwa baada ya kupakwa rangi, nitapewa rafu nzima yenye kadi ya jina langu, na mpiga picha atakuwepo. Sita hazitaki. Amesema hajapaka rangi ukuta ili aweke pengo. Picha hiyo nitamtumia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu mkuu, ambaye siku ya posa aliuliza mbele ya watu kama ninaweza kusoma ninachotia sahihi.

Jumanne, tarehe 4

Honi ameiweka juzuu ya nne chini ya kitanda chake, kwenye ule mguu mfupi. Kitabu cha watu wenye akili kinabeba godoro!

Nikamletea tofali. Akasema tofali linakwaruza sakafu. Nikachonga kipande cha ubao, kimo kilekile, nikakipiga msasa mpaka vidole vikauma. Akakipapasa, akakisifu, akasema mkono wangu ni wa fundi kabisa, kaka, ila kitanda kimeshakizoea kitabu. Ubao akauweka dirishani, anaegeshea kioo cha kunyolea ndevu.

Nikamuuliza anakitakia nini kitu asichokisoma. Akajibu kwamba mimi ninavyokikodolea macho, lazima kina kitu. Kwa hiyo kosa ni la macho yangu. Kesho nitatumia kichwa.

Jumatano, tarehe 5

Nimetumia kichwa. Mtu aliyesoma juzuu sita za kutisha ana silaha ambayo dereva hana.

Wakati wa chakula cha mchana nilikaa karibu yake, nikawa kama mtu asiyependa kusema. Akanibembeleza. Ndipo nikamweleza, kwa huzuni, kwamba juzuu ya nne si kama nyingine. Kuna kitu ndani yake. Anayelala juu yake huanza kuona vyombo vyake vikitembea vyenyewe. Kwanza vyombo vidogo. Halafu vikubwa. Halafu yeye mwenyewe anatembea, na hajui anakoenda.

Akacheka. Akasema niache utoto, mimi na makaratasi yangu tutaishia kuongea na kuta. Lakini mchana wote alipiga honi mara mbili tu. Nimehesabu. Najivunia ile sehemu ya vyombo vidogo. Haimo katika juzuu yoyote, nimeitunga mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6

Asubuhi foklifti ilitembea yenyewe! Honi alikuwa ameshuka kufunga kamba ya kiatu, nayo ikateremka polepole mpaka kwenye mizani, ikasimama. Hakuwa amevuta breki. Niliona kwa macho yangu. Ningeweza kusema. Sikusema.

Alinijia midomo imekauka. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia kitabu kiondoke mikononi mwake leo hii, kiende kwa mtu anayejua mambo hayo. Nikarekebisha kola ili aone vizuri mtu huyo ni nani. Akanishika mkono muda mrefu, akasema nimemfaa kama ndugu wa tumbo moja. Nikaona Honi si mtu mbaya, ni kwamba hajapata uongozi.

Jioni nikaingia chumbani, kitanda chake kimeinama upande. Nikanyoosha mikono yote miwili kupokea. Honi akaketi, akaeleza kwa utulivu. Wazo la kwanza lilikuwa kunipa mimi. Kisha akakumbuka nina mke na watoto watatu wanaonisubiri nyumbani. Atanitwishaje mzigo kama ule? Basi amefanya kama tunavyofanya hapa kwa kila kitabu: amechana jalada, maana gundi inaharibu rojo la karatasi, jalada amelitupa kwenye lundo la maboksi, kurasa amezitia kwenye mashine ya kubana karatasi pamoja na nyingine, na robota limefungwa nyaya nne.

Imekwisha, kaka, akasema. Wala usinishukuru.

Nikakaa kitandani kwake. Kikayumba.

Ijumaa, tarehe 7

Sijashindwa. Jalada nimelipata kabla ya chai. Kurasa zimo ndani ya robota, na robota lazima lifumuliwe leo, maana kesho asubuhi lori linakuja.

Nikamwambia Honi kwamba kukibana kitu kile ni kukitia hasira. Dawa yake ni kukitoa, kukirudishia jalada lake, na kukipeleka kwenye chumba cha kusomea, kwa sababu macho ya watu wengi hukituliza. Sijui maneno haya yananitoka wapi. Ni kipaji.

Akalishusha robota la tatu toka juu, analikumbuka, na nikakata nyaya. Robota liliruka kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Karatasi mpaka mlangoni. Msimamizi akatokea. Honi akafungua mdomo, nikaona anakwenda kusema kweli, nikamwahi. Nikasema tumesikia paka analia ndani.

Sikujua kwamba msimamizi anapenda paka. Alivua koti. Akaagiza robota lote lichambuliwe, karatasi moja moja, kwa mkono, asije akaumia. Kilo mia tano. Tumeinama tangu saa tatu mpaka saa kumi, yeye amesimama na kikombe cha maziwa, akiita kwa sauti nyembamba. Mgongo wangu si wangu tena. Nimepata ukurasa wa kwanza hadi wa mia na kumi na mbili. Zilizobaki zimechanika vipande vya kufungia karanga. Paka hakupatikana. Maziwa akayanywa Honi.

Jioni nimeshona. Kitabu kilikuwa chembamba mno, kinaonekana kimeugua. Nikakijazia mwishoni kurasa za kitabu cha mafundi bomba, kimo kilekile, rangi ileile ya uzee. Nani husoma mpaka mwisho siku ya sherehe?

Jumamosi, tarehe 8

Mama wa maktaba husoma mpaka mwisho. Afadhali ningejua mapema.

Rafu ilipendeza. Juzuu saba kijani, kadi yenye jina langu kwa herufi kubwa, mpiga picha anafuta kioo. Nilivaa shati la harusi. Wageni wakaomba wasomewe kidogo. Akachukua ya nne, akafungua nyuma, akasema yeye hupenda kujua mambo yanaishaje. Akasoma kwa sauti nzito kwamba kabla ya kufungulia maji, hakikisha kiungo cha chooni kimekazwa. Akageuza ukurasa. Choo kikaendelea.

Watu wakacheka mpaka wakashika viti. Mama akaniangalia, akaichomoa kadi yangu taratibu. Akasema, mwanangu, hata rafu ina heshima yake.

Hapo Honi akasimama. Sikumtuma. Akawaeleza wote kwamba wasicheke, kitabu kile kina kitu, kimesukuma foklifti, kimebanwa na mashine na kimerudi, na kwamba kaka yake, yaani mimi, amevunja mgongo kukileta hapa ili kitulie. Alisema kwa machozi. Kisha watu kumi na wanne wakajiandikisha kukiazima, na mmoja akauliza kama ile sehemu ya mabomba ndiyo yenye kutisha zaidi.

Mama wa maktaba akairudisha kadi. Lakini juu ya jina langu ameandika la Honi! Amesema aliyekabiliana nacho atangulie. Picha ikapigwa, Honi katikati ameshika juzuu ya nne, mimi pembeni. Mpiga picha aliniambia nisogee. Nikasogea, kumbe upande usio sahihi.

Jumatatu, tarehe 10

Picha imetoka. Nimo: kiwiko, na sehemu ya shati la harusi. Nimeizungushia kalamu nyekundu, nimeandika “mimi”, nimemtumia shemeji kwa simu. Amejibu kwa kuuliza yule bwana wa katikati ni nani, anaonekana msomi.

Basi sasa yametosha. Jina langu litakuwa juu, na peke yake, hata kama ni kwa akili tupu. Leo mchana nimekaa karibu na Honi, nikawa kama mtu asiyependa kusema. Akanibembeleza. Nikamweleza, kwa huzuni, kwamba kitabu kile hakisahau jina la mtu kikiliona kwenye kadi, na huanza na la juu.

Ameacha kula. Amenishika mkono muda mrefu, amenishukuru. Akaniuliza kama jina la pili nalo limo hatarini, nikasema kidogo tu. Akasema basi nisijali, hataniacha nyuma, anajua la kufanya kwa ajili yetu wote wawili, na ameondoka na foklifti kuelekea maktaba, nyaya nne za kufungia robota zikiwa begani.

Mtu mwepesi sana kuongozwa.