Kiatu Kilicholia Pu

Tangu mfalme wa China aondolewe na posho zetu sisi Wamanchu, watu wa kabila lake, zikatike, Enqing hakuwa na kazi wala nia ya kuitafuta. Alichokuwa nacho ni koti la ngozi ya kondoo, na ndilo lililomlisha. Hapa Beijing hakuna anayemwamini mwongo anayetetemeka.

Asubuhi moja ya barafu alimwona Bibi Tatara, mjane wa miaka sabini, akipita kichochoroni na viatu vya harusi vya Kimanchu, vile vyenye kigogo cha mbao katikati ya wayo. Kimoja kililia ko. Kingine kikalia pu.

Enqing akatega sikio. Mbao nzima hailii pu. Kigogo cha kushoto kilikuwa na uwazi, na wazee wetu hawafichi makapi.

Akapiga goti kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Dada yangu anaolewa kesho, na wakwe hawataki bibi harusi asiye na vigogo. Niachie hivyo."

"Hivi? Marehemu alinikataza hata kuvipeleka kwa fundi."

Enqing akavua kofia. "Nitakupa kofia yangu."

"Kichwa hakinisumbui, mwanangu. Mgongo ndio unaopata baridi."

Akavua koti kabla mzee wa watu hajabadili mawazo. Bibi akalivaa, akatoa viatu bapa kwenye mkono wa joho lake, akavivaa, akamwachia vile vya vigogo, akaenda zake taratibu.

Nyumbani Enqing alikipasua kigogo kwa shoka. Ndani hamkuwa na lulu wala pete. Palikuwa na shimo tupu, limechongwa juzijuzi, mbao bado inanukia. Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Kimanchu analijua: vigogo virefu ni vya maharusi na wake vijana. Bibi wa miaka sabini huvaa soli bapa. Marehemu mama yake Enqing alivaa hizo hadi kaburini!

Akarudi mbio, meno yanagongana. Ko, pu, ko, pu. Bibi Tatara alikuwa ndani ya koti lake, juu ya jozi nyingine, na mbele yake mfanyabiashara wa mtama aliyetega sikio.

"Mpwa wangu huyo," bibi akasema bila kupepesa macho. "Ameving'ang'ania viatu hivi tangu asubuhi. Au nasema uongo, mwanangu?"

Enqing akalitazama koti. Roho ilimuuma.

"Kweli, shangazi. Koti nimeliacha rehani, nimekwenda kutafuta nyongeza. Tafadhali usimpe huyu!"

Mfanyabiashara akaanza kufungua vifungo vya koti lake.

Alipokwisha kuondoka mbio na viatu kwapani, bibi akamrushia Enqing lile koti jipya. Lilikuwa la pamba, na mikono yake iliishia kwenye viwiko.

"Na langu?"

"Lako linanitosha. Kesho njoo mapema, na usivae koti. Ukitetemeka unaaminika."