Naomba Mume Wangu Ashushwe Kwenye Tangi

Kwako Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole na kazi ya kutubeba sisi wote. Mimi ni yule mama mshonaji wa sare za kwaya, ninayekaa benchi la karibu na mlango ili niwahi jiko. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nikikosea heshima ni kalamu, si moyo.

Baba, ni lile kapu la watakatifu. Ulisema kila mtu, mkubwa kwa mdogo, achomoe karatasi yenye jina la mtakatifu, katekista amweleze habari zake, kisha akaishi kama yeye wiki nzima. Wenzetu naona wanaendelea na maisha yao. Nyumbani kwangu tuna tabia moja mbaya: tukiambiwa jambo, tunalifanya.

1. Mama mkwe alichomoa Martino, aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Amekata blanketi letu. Nusu kampa muuza mkaa, mtu mwenye kitambi chake na nyumba ya vigae. Akakata pazia, akakata shuka, na leo nimekuta suruali ya kanisani ya mume wangu ina mguu mmoja. Nilipouliza akanijibu, "Mwanangu, mbinguni hatuingii na suruali."

2. Binti yangu alichomoa Fransisko. Anawahubiria kuku. Mahubiri si mabaya, ila amewaambia mayai ni yao. Sasa nikiingia bandani wananitazama kama mwizi. Mbuzi anaitwa kaka, na kaka analala sebuleni.

3. Mimi nilichomoa Monika, mama wa kulia na kuwaombea watu wa nyumbani. Hapa sina lalamiko, ila sikuona tofauti na wiki nyingine.

4. Sasa ndiyo yenyewe. Mume wangu, fundi viatu, alichomoa Simeoni aliyeishi juu ya nguzo. Nguzo hatuna. Kapanda mnara wa tangi la maji, na hashuki. Chakula nakipandisha kwa ndoo na kamba. Wateja wanasimama chini wanadai viatu vyao, yeye anawabariki. Mmoja alikuja kudai kisigino, akaondoka ameungama.

Baba, mnara ule una kutu, na mume ninaye huyo huyo. Upepo ukivuma, roho yangu yote inahamia huko juu. Nikimwita, "Baba watoto, shuka basi," anasema huku chini kuna kelele. Kelele ni sisi!

Naomba uje na ngazi umvue utakatifu. Na kapuni ubakize watakatifu waliokaa chini, waliopika, na wasioshika mkasi. Ikishindikana, tangaza kwamba familia yetu ni ya wakosefu wa kawaida. Tutashukuru sana.

Nisalimie katekista, masista, mpiga kengele, na mpishi wako; nawe kama ulichomoa karatasi, mwambie mpishi nampa pole.

Ni mimi, mwanao wa benchi la mlangoni,
Mama wa Nyumba ya Tangi

Nyongeza: Baba, usije na ngazi. Nimeazima ya jirani, nikapanda kumsomea mume wangu barua hii. Kufika namba moja tu, kashuka mbio kuitazama suruali. Nikakaa kumngoja. Baba, huku kuna hewa! Hakuna anayeita mama. Ngazi nimeivuta juu. Karatasi ya Monika nimemrushia yeye, na nasikia analia jikoni. Labda ni vitunguu. Barua inashuka kwa ndoo. Tafadhali, hii wiki isiishe.