Jozi Kumi na Tatu Mlangoni kwa Mapapa

Jumapili, 8 Mei 2011. Thorncliffe Park.
Shukrani! Safari imekubaliwa. Wazee kumi na wawili wa kikundi chetu cha matembezi tunakwenda Avignon, Ufaransa: mji uliozungushiwa ukuta wa kale, wenye jumba walimokaa Mapapa miaka mia saba iliyopita. Tukirudi tunachagua kiongozi. Mehboob ameongoza miaka sita, yatosha. Kila Jumamosi anatutembeza bonde la mto Don, karibu na jengo letu hapa ughaibuni, kwa mwendo wa kobe, mfuko wa plastiki ukichungulia mfukoni mwake kama anakwenda kununua mchicha. Eti viatu vyake vilichukuliwa msikitini siku ya Idi mwaka 1989, na tangu hapo akivua viatu anatembea navyo ndani ya mfuko huo. Mtu asiyewaamini wenzake ataongozaje? Nitaongoza mimi. Roshanara, mke wangu, amesema nianze kwa kupeleka taka chini.

Jumatano, 11 Mei.
Nimesoma Kifaransa! Mwalimu ni Eustache, mwangalizi wa jengo letu, mtu wa Bukavu, Mungu ambariki. Alikuwa juu ya ngazi akibadilisha taa ya korido, hakuweza kukimbia. Alinifundisha sentensi kumi. Nimebaki na moja: Suivez-moi, yaani nifuateni. Amesema kwa kiongozi hiyo inatosha, mradi ajue anakokwenda. Nimempa kachori nne.

Jumanne, 17 Mei. Avignon.
Tumefika! Sikutarajia kulia. Nimelia. Ukuta mrefu ajabu, minara, malango, mawe yenye rangi ya mkate uliotoka tanuri. Razia, ambaye haishiwi maswali, aliuliza ukuta una umri gani. Nikasema ni mkubwa kuliko Mehboob. Wakacheka. Kura hizo!

Kisha daraja la kale. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba tutavuka tukanywe chai ng'ambo. Kumbe linaingia mtoni, matao manne, basi, limekatika. Mehboob alisoma ubao, akatueleza kwamba mafuriko yalilibomoa tena na tena mpaka watu wakachoka kulijenga. Alieleza vizuri, ndilo lililoniudhi. Tukakaa palepale lilipokatika, Roshanara akatoa chupa ya chai yake ya tangawizi. Sijawahi kushukuru chai namna ile.

Jumatano, 18 Mei.
Leo siku yangu! Jumba la Mapapa. Nikatangulia, mwavuli juu, Suivez-moi! Wakanifuata. Mume na mke nisiowajua, sijui watalii wa wapi, wakanifuata nao. Tukafika mlangoni mwa kanisa kubwa la humo ndani. Kimya. Dari iko huko juu kabisa. Nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada: nikavua viatu. Mehboob akasema hajaona rafu ya viatu. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba aliyelelewa vizuri hangojei rafu. Wote wakavua. Hata wale wageni wawili! Mehboob akavua vyake, akavitia kwenye mfuko wake wa plastiki. Nikamcheka waziwazi.

Baadaye nilikiona cha mtema kuni. Humo njia ya watalii ni ya kwenda mbele tu. Chumba, ngazi, chumba, duka la kumbukumbu, mlango, nje! Mlango ukafungwa nyuma yetu. Jua kali, kokoto za barabarani, sisi na soksi. Jozi kumi na tatu za viatu ziko upande wa pili wa jumba. Roshanara, ambaye miguu humvimba, siku zote huniita Baba Zeena. Leo aliniita Alibhai, mbele za watu. Miaka arobaini ya ndoa, hii ni mara ya tatu.

Mehboob akavaa viatu vyake. Alizunguka jumba zima, akamweleza mlinzi kwa mikono, akarudi na mfuko umejaa. Safari nne, mzee wa miaka sabini na mbili. Safari ya kwanza alileta vya Roshanara. Nilijaribu kumchukia, sikuweza. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia ahsante, Mehboob bhai, na ilitoka moyoni. Akasema nina kipaji: yeye miaka sita hajaweza kuwafanya watu wote watende jambo moja kwa pamoja. Wale wageni wawili walinipiga picha.

Jumapili, 29 Mei. Nyumbani.
Uchaguzi, ukumbi wa chini wa jengo. Mehboob kura kumi na mbili, yangu imo. Nilinyoosha mkono kwa moyo mweupe, na Roshanara akanong'ona, vizuri, Baba Zeena. Kurudishiwa jina hilo kulinipendeza kuliko uongozi wowote. Kisha Razia akapendekeza nami nipewe cheo: Mtunza Viatu. Walicheka mpaka machozi. Mehboob akanikabidhi mfuko wake uleule, umekunjwa vizuri. Nikaupokea kwa unyenyekevu.

Sasa uko mezani, nautazama. Mwakani wanataka Carcassonne, nako kuna ukuta na makanisa. Mehboob atatangulia, sawa. Lakini tukivua viatu, na nitahakikisha tunavua kila mlango, vyote vitakuwa kwangu, vyake pia. Hapigi hatua mpaka nimpe. Kesho nanunua mfuko mkubwa zaidi.