Ndevu za Rasta na Mchezo wa Siendi

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Bado siku nne! Ijumaa Mwalimu Mkuu anachagua nani apewe ajira ya kudumu hapa chekechea: mimi au mwenzangu wa darasa la jirani, ninayemwita Bi Chati. Mimi ni mwalimu wa muda, mwaka wa pili huu. Muda umenichosha. Somo litakalopimwa ni usalama wa mtoto. Bi Chati ameshabandika chati saba ukutani. Watoto wake wanakunja mikono na kuitikia kwa pamoja, utadhani mtu mmoja. Wananikera!

Balaa la leo. Kimya, binti wa darasa langu asiyejua kumkatalia mtu, kashikwa mkono na muuza mikate, naye kamfuata hadi barabarani. Muuza mikate alikuwa anatania. Mama yake Kimya alilia palepale getini. Akaniuliza, mwalimu, siku akija asiyetania je? Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimepata! Mchezo! Unaitwa Siendi. Mimi ni mgeni mwenye peremende, nawakimbiza uwanjani. Nikimgusa mtoto, anapiga mguu chini, anakinga mikono mbele, anapaza sauti "Siendi!" Halafu mbio hadi kwenye duara la chaki, anakosimama mpishi wetu, mtu mzima wa kuaminika, na kumweleza kilichompata.

Mara ya kwanza wote walichukua peremende. Wote! Mara ya kumi hakuna aliyethubutu. Mmoja kauliza, je, akiwa ni mtu tunayemjua? Nikajibu kwa maringo kwamba siendi ni siendi, hata awe mwalimu wenu. Maneno mazito hayo. Nayaandika yasipotee.

Kimya peke yake alisimama tu. Nilipomgusa, akanipa mkono twende. Iliniuma sana.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Bi Chati kapita uwanjani kasema darasa langu ni soko. Haya. Atanitambua!

Dada yangu ninayeishi kwake ni msusi. Ana mafungu ya rasta, nywele za bandia za kusukia. Nimechukua moja, nimetengeneza ndevu hadi kifuani. Gundi: uji wa unga. Kesho, kabla ya ukaguzi, navaa koti la shemeji na kofia, natokea stoo, nawaendea watoto wa Bi Chati na peremende. Watanifuata kama kumbikumbi na taa. Mkuu ataona kila kitu dirishani. Bi Chati chali! Dada kasema nikikamatwa nisimtaje.

Wakati wa mapumziko watoto wa Bi Chati walikuwa wakikimbizana na wangu, makelele tupu. Nikasema waache wachoke, kesho watakuwa wazito.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Ardhi ingepasuka inimeze!

Darasa langu nilimwachia mpishi. Nikatokea stoo, ndevu zinapepea. Nikamgusa wa kwanza. Akapiga mguu chini. Siendi! Wa pili, siendi! Kumbe jana walikuwa wanafundishwa mchezo wangu na watoto wangu! Jasho likanitoka, uji ukayeyuka, ndevu zikaanguka. Wakanitambua, wakasita. Nami, mjinga mimi, nikaona nafasi bado ipo. Nikasema jamani ni mimi, mwalimu, njooni mchukue.

Nikageuka, Kimya huyu hapa, anatoka chooni. Nikamshika mkono, ili wa Bi Chati wakimwona wamfuate. Alinitazama. Akauchomoa mkono wake. Akapiga mguu chini hadi kiatu kikatoka.

"Siendi! Hata mwalimu!"

Sauti ile sijui alikuwa ameificha wapi. Majirani walitoka nje. Akakimbia na kiatu kimoja hadi kwa mpishi, akaeleza yote, na jina langu akalitaja. Mlinzi wa geti akanikaba kola. Mkuu alikuwa dirishani, kweli, na kando yake mama yake Kimya, aliyekuja kuulizia yale ya Jumatatu. Mama alilia tena, ila safari hii alikuwa anacheka. Mimi nikatoa chozi. Nilimwambia mlinzi ni vumbi.

Uamuzi wa Mkuu: Siendi utachezwa shule nzima. Nimepata ajira ya kudumu! Mwalimu wa michezo! Msimamizi wangu atakuwa Bi Chati. Sharti moja, nisivae ndevu.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Nimekaa, nimejitafakari kwa dhati. Kosa langu nimeliona. Uji wa unga hauhimili jasho.

Nimemwomba Kimya msamaha, mama yake akiwepo. Kimya akaniambia nirudie mchezo Jumatatu, lakini mgeni awe yeye.

Jumatatu somo ni usalama wa moto. Bi Chati anachora chati ya nane. Nimeshaazima kwa dada sufuria kuukuu na matambara mabichi. Moshi kidogo tu, chini ya dirisha lake. Mkuu alikataza ndevu. Moshi hakuutaja.